Kifua cha Doto, Kifua Changu

Watu wakinikuta nimekaa mbele ya kibanda cha ushonaji cha binti yangu hapa Igoma, Mwanza, huniuliza kama nimepona. Nikisema ndiyo, nadanganya. Nikisema hapana, nadanganya pia. Siku hizi nawajibu kwamba namshukuru Mungu, na mtu akishajibiwa hivyo haulizi la pili.

Naandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Ni yule aliyemeza dozi ya TB mpaka kidonge cha mwisho, akaambiwa nenda nyumbani umepona, kisha kifua kikakataa kupona naye. Ndugu zake wanasema anajidekeza. Majirani wanasema TB imemrudia. Mwenyewe ameshika bahasha kubwa yenye picha ya mapafu, anaitoa, anaiinua dirishani, anaona weupe kama moshi na hajui anatazama nini. Ndugu yangu, nilikuwa hapo ulipo. Dawa ya kukupa sina. Nakupa habari tu, maana mimi nilipozihitaji hakuna aliyenipa.

Jina langu ni Kulwa. Kwa Wasukuma jina hilo linajieleza: nilizaliwa pacha, mimi nikatangulia, aliyenifuata anaitwa Doto. Tulifanana hata mama alikuwa akitufunga uzi mkononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Doto aliolewa Usagara, mimi niliolewa Magu. Nililima mpunga na pamba pamoja na mume wangu mpaka alipofariki, kisha nikalima peke yangu. Nyumba yangu iko huko, na ukikaa mlangoni unayaona majaruba yangu yote ya mpunga mpaka kwenye mipaka yake. Haya yote nitakayoyasimulia yana swali moja ndani yake: je, ningerudi kulima kule au nisingerudi? Kwa ukoo wa marehemu mume wangu, mjane anayelima ana shamba. Akiacha kulima, shamba lina wenyewe.

TB nimeugua mara mbili. Ya kwanza ilinianza wakati wa kuvuna pamba, na dozi iliisha mpunga ukiwa umeshashika ardhi. Ya pili ilikuja miaka kadhaa baadaye, nayo ilikuja na sindano. Kila asubuhi nilichomwa, mpaka nikawa nakalia upande mmoja kama mtu anayeinama kusikiliza umbea. Mkojo ulikuwa mwekundu, masikio yakivuma, sketi zikinizunguka kiunoni. Lakini nilimaliza. Muuguzi wa zahanati alinipa mkono akasema, "Mama, umeshinda." Nilimwamini, na mpaka leo sioni kwa nini nisingemwamini.

Siku ileile Doto alifika kutoka Usagara na kibiriti na chupa ya mafuta ya taa. Hakuja kunisalimia, alikuja kuchoma.

"Ugonjwa ni kama kuku," alisema. "Ukimwachia kiota chake, atarudi kutaga."

Alikusanya godoro, blanketi, kikombe changu, sahani, kopo nililokuwa nikitemea, khanga nilizokuwa nikijifunika mdomo, na bahasha zote za picha za kifua, za mara ya kwanza na za mara ya pili. Akavipeleka nyuma ya nyumba akavitia moto huku akipiga vigelegele peke yake. Zile picha hazikutaka kuwaka. Zilijikunja, zikatoa moshi mweusi wenye harufu kali, naye akazisukuma ndani kwa mti mpaka zikaisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda natazama, na nilifurahi kweli. Nani angelilia picha za mapafu?

Misimu kadhaa nililima. Lakini pumzi ilikuwa inapungua, tena polepole mno kiasi kwamba sikuweza kusema ilianza lini. Kwanza nilikuwa napumzika nikifika mwisho wa jaruba. Baadaye nikawa napumzika katikati. Mwisho nikawa napumzika kabla sijaanza, nimesimama na jembe kama mgeni aliyekaribishwa kulishika. Nilikohoa kila asubuhi, makohozi mengi, mazito. Nikajiambia ni vumbi, ni baridi ya kiangazi, ni uzee, ingawa uzee wenyewe nilikuwa bado sijaufikia. Kisha asubuhi moja, mavuno yakiwa yamekwisha, nilikohoa damu.

Aliyewahi kuona damu yake kwenye kiganja anajua.  Niliita jirani kwa kugonga sufuria, sauti haikutoka.

Kwenye kituo cha afya walichukua makohozi, wakasema hakuna TB. Wakapiga picha, wakasema kuna kivuli na tundu. Mganga mmoja akasema hii ni TB tu, aanze dozi. Mwenzake akasema makohozi hayana wadudu, tunamtibu nini? Walibishana mbele yangu kama watu wanaobishana juu ya ng'ombe ambaye hayupo. Niliandikiwa niende hospitali kubwa ya Mwanza, kwa daktari wa kifua, na Neema binti yangu akaja kunichukua, tukaenda kwake Igoma.

Hapa sharti nieleze kitu ambacho mtu wa kabila jingine anaweza asikielewe. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawakai chumba kimoja wakapiga soga. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Sasa fikiria mimi, mama mkwe, niko ndani ya vyumba viwili vya kupanga vya mkwe wangu Elias, nakohoa usiku na mchana, natema kwenye kopo, na ukuta uliopo kati yetu hauzuii hata mlio wa kijiko. Kila nilipokohoa nilitamani ardhi ipasuke. Yeye naye, maskini, alikuwa akitoka kwenye karakana yake ya kuchomelea jioni anasimama nje, anakohoa kidogo kunijulisha amefika, kisha anangoja mpaka Neema anitoe sebuleni. Hata kama mvua inanyesha, alingoja. Baadaye akaanza kuchelewa kurudi, na Neema akaanza kununa, na mimi nikajua ni kwa sababu yangu.

Majirani wa ua ule walianza kuanika nguo zao mbali na mlango wetu. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja tu alimwambia Neema, "Mama yako mngemwahi hospitali mapema, kifua si cha kuchezea." Nilimsikia nikiwa ndani. Nilitaka kumjibu kwa maneno niliyonayo, na mimi ni mtu wa maneno, lakini kabla sijafika mlangoni pumzi ilikuwa imeshaisha.

Kule hospitali tulikaa kwenye mabenchi ya barazani, madirisha yote wazi, kila mtu na barakoa yake. Ukikaa pale mara nyingi utawajua watu kwa vikohozi vyao kabla hujawajua kwa majina. Kuna kikavu, kuna cha maji, kuna cha kubweka. Mzee mmoja wa Sengerema alikuwa anakuja siku zinazolingana na zangu. Siku moja alitoka ndani anacheka mpaka machozi.

"Wameiona, mama!" aliniambia. "Wameiona TB! Naanza dawa leo."

Nilimpa hongera. Kisha nikageukia ukuta, na nakuambia wazi kitu ambacho sijawahi kumwambia mchungaji wangu: nilimwonea wivu. Jirani wa Neema alikuwa akiniogopa kwa sababu ya TB, na mimi nilikuwa namwomba Mungu anipe hiyohiyo TB. TB nilikuwa naijua. Ina vidonge, ina mwisho, ina muuguzi anayekupa mkono. Kila walipotaka makohozi tena, nilikuwa nakohoa kwa nguvu zangu zote, navuta kutoka chini kabisa, ili wasije wakaikosa. Neema aliniuliza kwa nini najitesa vile.

"Nataka waione," nikamwambia.

"Mama! Unaomba ugonjwa?"

"Naomba ugonjwa wenye dawa."

 Alifungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Hawakuiona. Mara ya kwanza, mara ya pili, na mara nyingine tena, hawakuiona.

Daktari alikuwa msichana wa Kihaya, mdogo kuliko Neema kwa kumtazama, tukimwita Dokta Koku. Kila nikiingia aliniamkia shikamoo akangoja marahaba yangu itoke, hata kama ilichelewa. Aliwasha kile kisanduku cha taa, akapachika picha yangu, akaikagua. Kisha akauliza swali ambalo ningependa uliogope tangu leo.

"Mama, picha zako za zamani ziko wapi?"

Nikamtazama Doto. Siku hiyo alikuwa amekuja kutoka Usagara kunisindikiza.

"Za zamani za nini?" Doto akauliza.

"Hiki kivuli hapa juu kushoto, na hili tundu, sijui ni vya leo au ni vya ile TB ya zamani," daktari akasema. "Mtu akiugua mapafu mara mbili, mapafu hubaki na alama. Nikiona picha ya zamani, na tundu lilikuwepo vilevile, najua ni kovu. Kama halikuwepo, basi kuna jipya linaendelea. Bila ya zamani nabaki nabahatisha."

"Tulizichoma," nikasema.

"Mlizichoma?"

"Nilizichoma mimi," Doto akasema, na akainua kidevu kama mtoto anayesubiri kofi. "Nilidhani nautoa ugonjwa nyumbani."

Dokta Koku hakumgombeza. Alisema watu wengi huzichoma, wengine huzikata wakazibia dirisha. Kituo kilichonipiga picha zile hakikuweka nakala. Akasema basi itabidi nifanyiwe siti skani, kipimo kikubwa zaidi, na baada ya miezi kadhaa nirudie, ili hii ya sasa iwe ndiyo ya zamani. Yaani ningoje picha izeeke.

Tulirudi Igoma. Pale kwenye ngazi za Neema Doto akanishika mkono. "Kulwa, nitalirekebisha," alisema. Nilimwambia hakuna cha kurekebisha. Nilimwambia vibaya, kwa ukali. Nilikuwa na hasira naye na nilitaka ajue.

Zikapita siku Doto hapigi simu. Kisha siku ya miadi yangu nikamkuta ameshafika hospitali kabla yetu, amevaa vizuri, amekumbatia bahasha kubwa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimeipata," akasema.

"Umepata nini?"

"Picha ya zamani."

 Nilidhani kuna moja iliyosalia, labda ilidondoka nyuma ya kabati, labda kituo kile walikuwa nayo kumbe. Hakutaka kunieleza. Tulipoingia ndani aliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Dokta," alisema, "mimi na huyu tulitoka tumbo moja siku moja. Kwetu Kulwa akipewa nguo, Doto anapewa ya namna hiyohiyo. Akinyolewa, nanyolewa. Mama alituogesha dawa moja kwenye beseni moja. Kifua chake ndicho hiki changu. Nilikwenda mjini nikajikohoza mbele ya daktari, nikajikohoza sana, mpaka akaniandikia picha. Basi itumie hii kama ya zamani yake."

Neema aliinamisha kichwa. Mimi sikujua nicheke au nitoke nje. Lakini Dokta Koku hakucheka. Alisema picha ya mtu mwingine, hata awe pacha, haiwezi kueleza kilichonipata mimi. Akataka kumrudishia. Doto akaikataa, mikono nyuma.

"Iangalie tu, dokta. Nimetoka mbali."

Nadhani alimhurumia. Akaipachika kwenye taa, kando ya yangu.

Ndugu msomaji, kwa muda wote ule nilikuwa nimetazama picha yangu mara nyingi, kwa Neema, dirishani, kwenye mwanga wa jua. Niliona weupe, niliona weusi, sikujua upi ni mzuri. Siku ile ndipo nilipojifunza kusoma. Kifua cha Doto kilikuwa cheusi pande zote mbili, cheusi kizuri, tulivu, mbavu zimepangana kama fito za ukuta ambao haujakandikwa, na moyo umekaa katikati pale ulipowekwa. Kifua changu kilikuwa kando yake. Juu kushoto pote peupe, pamejikunja. Ndani ya weupe kuna tundu la kuweza kuingiza yai. Koo la hewa limevutwa kushoto, limepinda. Moyo wenyewe umehama. Hata mbavu za upande ule zilikuwa zimesogeleana, kana kwamba zilikuwa zinaziba kitu.

"Weusi ni hewa," Dokta Koku akasema taratibu. Hakusema na Doto tena, alisema na mimi. "Weupe huu ni kovu. Kovu linajivuta, mama, kama kitambaa kilichoshonwa uzi ukakazwa mno. Linavuta kila kilicho karibu."

"Na hewa ya hapa?"

"Hapa haiingii."

"Itarudi lini?"

Alikaa kwanza kwenye kiti chake. Alipokaa nikajua. "Hairudi, mama."

Ndivyo nilivyoelewa. Sikuelewa kwa maneno ya kitaalamu, niliyaelewa mapafu yangu kwa kuona yale ambayo yangekuwa yangu. Tulizaliwa na vifua viwili sawa. Kimoja kilikuwa pale kinang'aa, na mwenyewe amesimama nyuma yangu anapumua bila hata kujua kwamba anapumua. Nilimsikia. Sijawahi kumchukia Doto maishani, lakini dakika ile niliichukia pumzi yake.

Doto alichomoa picha yake mwenyewe, akairudisha kwenye bahasha, akatoka nje.

Siti skani nilifanyiwa wiki hiyo. Unalala kwenye kitanda chembamba, kitanda kinakuingiza kwenye tundu la mashine na kukutoa, sauti inakuamuru vuta pumzi, ishikilie. Kushikilia sikuweza. Waliniambia nijaribu tena, nikajaribu tena, mtu wa mashine akasema haidhuru. Picha zake zinatoka vipande vipande vidogo kwenye karatasi moja kubwa, kama mkate uliokatwa slesi. Dokta Koku alinionyesha mirija ya hewa iliyotanuka na kulegea, ndimo makohozi yanamolala, ndiyo maana asubuhi nakohoa kopo zima. Damu ilitoka humo humo. Akasema tusianze dozi ya TB, tungoje mvua za kwanza, turudie, tulinganishe.

Kungoja kule kulikuwa na mema yake, nayataja kwa sababu nisipoyataja nitakuwa mwongo. Dokta Koku alinifundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza uji wa moto, na inasaidia. Alinifundisha kulala kwa upande, kichwa chini, makohozi yatoke yote asubuhi nisikohoe siku nzima. Usiache kuomba ufundishwe hilo. Usikubali mtu akupe dozi ya tatu kwa kuangalia weupe tu na kusema kifua kibaya. Uliza makohozi yanasemaje. Na mwambie kila mtu nyumbani kwamba kovu haliambukizi. Neema alikwenda kumwambia yule jirani, wakapatana, nguo zikarudi kwenye kamba.

Jema jingine lilitoka kwa Elias. Kutoka chumbani kwangu mpaka chooni kuna ua wa kuvuka, nami nilikuwa nasimama katikati nimeshika ukuta, watu wananitazama. Asubuhi moja nikakuta pale katikati pana benchi jipya, limechomelewa kwa bomba, fupi, la kutosha mtu mmoja. Hakuna aliyesema ni la nani. Sikuweza kumshukuru mkwe wangu kwa mdomo, heshima hairuhusu. Niliketi pale nikapumzika, na nikahakikisha ananiona nimeketi.

Doto naye alikuwa anakuja na asali, na mizizi ya kuchemsha, na mafuta yaliyoombewa. Nilikunywa vyote. Mizizi ilinitapisha. Kuhusu siku ile ya picha mbili hatukuzungumza.

Mvua zilipoanza tulirudi. Picha mpya ikawekwa kando ya ile ya miezi iliyopita. Dokta Koku aliangalia, akaangalia tena, akasema, "Hakuna jipya. Tundu ni lilelile, kovu ni lilelile. Hii siyo TB, mama. Ni alama za zamani."

Doto alipiga kigelegele palepale. Alitoka nacho mpaka barazani, wagonjwa wakageuka, wengine wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Alinikumbatia mpaka nikamsukuma ili nipumue. Hakuna jipya! Hakuna TB! Niliyatafakari maneno hayohayo nikiwa kwenye benchi. Hakuna jipya maana yake hakuna cha kutibu. Kilichokuwepo ndicho kitakachokuwepo. Lakini nani ana moyo wa kuizima furaha ya mtu aliyebeba hatia miezi yote ile? Nilimwacha apige simu Usagara nzima.

Akaandaa shukrani kanisani kwetu Magu. Wanawake wa kwaya walikuja, tukaingia kwa wimbo, Doto mbele na jogoo mikononi. Mchungaji akaniita nitoe ushuhuda. Nilisema, "Bwana asifiwe." Wakajibu. Nikasema, "Mimi nilikuwa..." na hapo ikaisha. Nilisimama mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Walidhani nalia kwa furaha. Kwaya ikaanza kuimba, watu wakaja kunipepea kwa vitambaa, na katika kelele zile za kumshukuru Mungu mimi nilikuwa natafuta hewa tu.

Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwangu. Shemeji yangu Masanja, mdogo wa marehemu, alikuwa ananingoja pale uani. Ni mtu mstaarabu, sina la kumlaumu. Tuliamkiana, akauliza ya Mwanza, kisha akauliza alichotumwa na ukoo kuuliza. Mvua zilikuwa zimeshakolea na watu wengine walikuwa wameshaanza kuandaa vitalu vya miche.

"Shemeji, msimu huu utalima?"

"Atalima!" Doto akadakia. "Amepona huyu. Hukuwepo kanisani?"

 Niliondoka nikaelekea kwenye majaruba. Nilitaka kufika kwenye jaruba la kwanza tu, lile lililo karibu kabisa, ambalo zamani nilikuwa namtupia mume wangu maneno nikiwa jikoni na yeye yuko kule akanisikia. Nilipuliza uji wangu wa moto nilivyofundishwa. Nilitembea, nikasimama, nikatembea. Ukingo wake niliuona vizuri. Sikuufikia. Nilikaa chini kwenye udongo mbichi na gauni langu la shukrani, na nikabaki hapo mpaka walipokuja.

"Shemeji," nikamwambia Masanja, neno kwa neno, "lima wewe."

Aliinamisha kichwa. "Nyumba tutakuangalizia," akasema, na akaondoka upesi kwa heshima ili asinione zaidi.

Doto alibaki amesimama juu yangu. "Kwa nini umesema hivyo? Wamesema huumwi! Dokta mwenyewe kasema, na mimi nimesikia. Kulwa, huumwi!"

"Siumwi, Doto," nikasema. "Niliumwa. Hiki ndicho kilichobaki."

 Akanitazama kifuani, pale pale palipojikunja, kana kwamba ile taa ya hospitali ilikuwa nyuma yangu. Kisha akakaa chini kando yangu na gauni lake jeupe, akaanza kulia kwa sauti, kilio kirefu kisichokatika, cha mtu mwenye pumzi zake zote. Nilitaka kumnyamazisha. Nilitaka kumwambia si kosa lake, kwamba picha zile hata zingekuwepo zingesema hilohilo. Nilivuta pumzi ili nimwambie, nikavuta tena, haikutosha, nikamshika mkono tu.